Barabara ikikata ardhioevu: mwongozo kamili wa kuyarudishia maji njia yake

Barabara inayopita kwenye ardhioevu karibu kila mara hujengwa juu ya tuta. Udongo unachimbwa pembeni, unamwagwa katikati, unashindiliwa, na bonde ambalo maji yalikuwa yakilivuka kwa upana wake wote linagawanyika mara mbili: upande wa juu unatuama maji kupita kiasi, upande wa chini unaanza kukauka. Mkandarasi huacha makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji, moja au mawili chini ya tuta, na kwa hesabu ya barabara yanatosha. Hesabu hiyo ina swali moja: mvua kubwa ikinyesha, gari litapita? Ardhioevu ina maswali mengine. Maji yanafika wapi, kwa kina gani, yanakaa siku ngapi, na yanaondoka kwa mwendo gani?

Ndiyo maana sipendi kuona mradi wa namna hii ukianza na oda ya makalavati. Kalavati linakuja katikati ya kazi, na mara nyingine halihitajiki kabisa. Sehemu kubwa ya kazi ni kupima, kuangalia na kuzungumza kabla koleo halijagusa tuta.

Hatua ya 1: Jua maji yalikuwa yakitembeaje kabla ya barabara

Kuna mienendo mitatu ya kutofautisha, kwa sababu dawa yake si moja.

Wa kwanza ni maji yanayotambaa. Katika mbuga za matete, mafunjo na nyasi za bonde la mafuriko, maji hayana mkondo mmoja. Yanasambaa kama blanketi jembamba na kusonga taratibu mno. Huko Everglades, ardhioevu kubwa kusini mwa Florida, Marekani, ardhi inashuka takriban sentimita 3 hadi 5 tu kwa kila kilomita. Kwenye ardhi tambarare kiasi hicho, tuta la nusu mita tu ni ukuta kamili.

Wa pili ni maji yanayopita ndani ya udongo wa mboji, ule mweusi unaotokana na mimea iliyorundikana bila kuoza hadi mwisho. Hapa unaweza kusimama usione tone likitembea, na bado maji mengi yanasafiri chini ya nyayo zako, hasa katika tabaka la juu lenye kina cha sentimita 30 hadi 50 ambalo bado ni jepesi na lina nyuzi. Barabara inapolikandamiza tabaka hilo kwa uzito wake, inaziba mlango usioonekana. Kalavati lililokaa juu ya uso wa ardhi halisaidii kitu hapo, kwa kuwa maji yenyewe yako chini.

Wa tatu ni maji ya bahari, yanayoingia na kutoka kwa kujaa na kupwa. Mikoko na nyasi za pwani zinategemea vijito vya maji ya chumvi vinavyojigawa kama matawi. Tuta likikata shina la kijito, matawi yote yanakufa. Maji hapa yanakwenda pande zote mbili, na hilo linabadilisha kila kitu katika usanifu.

Ili kujua hali ya zamani, tafuta picha za angani zilizopigwa kabla ya barabara. Ofisi za upimaji wa ardhi huwa nazo. Kumbukumbu za setilaiti za Landsat zinaanzia 1972 na ni za bure, ingawa picha za miaka ya mwanzo hazina uwazi mkubwa. Kwa hali ya sasa, Sentinel-2 inatoa picha za bure tangu 2015 zinazoonyesha vitu vya ukubwa wa mita 10. Weka picha ya kiangazi na ya masika pamoja, kisha chora kwa penseli kila mahali ambapo mstari wa maji au wa majani ya kijani unakatika ghafla kwenye barabara. Michoro hiyo ndiyo orodha yako ya kwanza ya sehemu za kufungua.

Baada ya hapo waulize wazee na wavuvi. Picha ya setilaiti haikuambii kambare walikuwa wakipita wapi.

Hatua ya 2: Soma pande mbili za barabara

Tembea tuta lote kwa miguu, mara moja wakati wa maji mengi na mara moja wakati wa ukame. Upande wa juu tafuta miti iliyokufa ikiwa imesimama, mimea ya maji ya kina iliyovamia sehemu iliyokuwa ya nyasi, na alama za tope kwenye mashina. Upande wa chini tafuta vichaka vya nchi kavu, mizizi iliyoachwa wazi, nyufa kwenye udongo, na moto unaoingia mahali ambapo zamani haukuweza kuingia.

Pwani dalili zinabadilika kidogo. Ukoko mweupe wa chumvi juu ya tope unaonyesha kwamba maji ya bahari yanaingia mara chache na kukauka hapo hapo. Ikiwa mizizi ya mchu (aina ya mkoko), ile inayochomoza kama penseli, imefunikwa na maji siku nzima, miti inakosa hewa. Mikoko ile ile inaweza kufa kwa kiu ya chumvi upande mmoja wa barabara na kwa kuzama upande wa pili.

Kila kalavati lililopo likague kwa karibu. Piga magoti uchungulie ndani. Limeziba kwa tope? Mdomo wa kutokea unaning'inia juu ya ardhi, na chini yake kuna shimo lililochimbwa na maji? Shimo hilo ni ushahidi kwamba maji yanatoka kwa kasi kubwa mno. Mstari wa kutu au ukungu ukutani unakuonyesha maji huwa yanafika wapi kwa kawaida; upime kwa rula na uandike.

Hatua ya 3: Pima viwango vya maji, na upime kwa mwaka mzima

Kipimo muhimu kuliko vyote ni tofauti ya kimo cha maji kati ya upande wa juu na wa chini. Simika nguzo yenye alama za sentimita kila upande, mbali kidogo na barabara, zote zikiwa zimefungwa kwenye usawa mmoja. Bila usawa huo mmoja, namba zako ni mapambo.

Njia rahisi ya kuupata ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ule wanaoutumia mafundi wa ujenzi. Upenyeze ndani ya kalavati lililopo, uujaze maji, kisha uukague kwa urefu wake wote kuhakikisha hakuna kiputo cha hewa. Kiputo kimoja kirefu kama kidole kinatosha kukudanganya kwa sentimita kadhaa. Inua ncha zote mbili kando ya nguzo, subiri maji yatulie, piga alama kila upande kwa wakati mmoja. Alama hizo mbili ziko usawa sawa. Pasipo kalavati la kupenyeza mpira, omba leveli ya miguu mitatu kwa mpima ardhi.

Soma nguzo kila wiki, na kila siku mvua kubwa zinaponyesha. Kwenye nchi tambarare usidharau tofauti ndogo. Sentimita 15 kutoka upande mmoja wa lami hadi mwingine, kwa mteremko wa Everglades, ni sawa na mshuko wa kilomita 3 hadi 5 uliobanwa kwenye upana wa barabara.

Kwenye udongo wa mboji ongeza mabomba ya kupimia maji ya ardhini: bomba la plastiki lililotobolewa matundu, lililofunikwa kwa kitambaa cha kuchuja, limesimikwa hadi kina cha mita 1 au zaidi. Yapange kwa mstari unaoikata barabara, mathalani kwenye mita 5, 20, 50 na 100 kila upande. Mstari huu utakuonyesha athari za tuta zinafika umbali gani. Pwani, pima kujaa na kupwa kwa mizunguko kadhaa, ukianza na bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa), kisha maji mafu (siku za kujaa na kupwa kudogo).

Kasi ya maji kwenye makalavati ipime kwa kitu kinachoelea nusu-nusu, kama chungwa au kipande cha mti kilicholowa. Gawanya umbali kwa sekunde, kisha zidisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Kwa nini mwaka mzima? Kwa sababu mradi uliobuniwa kwa vipimo vya kiangazi peke yake huzamisha watu masika, na uliobuniwa kwa vipimo vya masika hukausha bonde kiangazi.

Hatua ya 4: Usiiache mitaro ya kando

Hapa ndipo miradi mingi inapokosea. Watu wanaliangalia tuta kwa sababu linaonekana, wanausahau mtaro uliochimbwa sambamba nalo. Tuta linazuia maji, mtaro unayaiba. Maji yaliyopaswa kuvuka yanafika kwenye mtaro, yanageuka kushoto au kulia, na kukimbilia mto wa karibu. Ukifungua makalavati kumi huku mtaro ukiendelea kunyonya, maji yatapita mbele ya midomo yake bila kuingia.

Fuata mtaro hadi mwisho wake. Unaishia wapi, na kimo cha maji mwishoni kiko chini kiasi gani kuliko kwenye ardhioevu? Tiba ya kawaida ni vizibo: sehemu za mtaro zinazojazwa udongo wa mfinyanzi au mboji iliyoshindiliwa hadi juu kidogo ya uso wa ardhi, zikipangwa ili maji yashuke ngazi ya sentimita 10 hadi 20 kutoka kizibo kimoja hadi kingine. Kila kizibo kiwe kipana kuliko mtaro na kiingie kwenye kingo zote mbili, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kula udongo. Kuujaza mtaro wote ni bora zaidi kama udongo unapatikana.

Lakini mtaro huo upo kwa sababu: unaweka msingi wa barabara ukavu. Ukiuziba bila kuongea na mhandisi wa barabara, lami itaanza kupasuka, na utakuwa umejitengenezea adui. Wakati mwingine inabidi barabara yenyewe iinuliwe, au iwekewe tabaka la kokoto safi linalokata maji yasipande.

Mfano unaojulikana ni Tamiami Trail, barabara iliyokamilika 1928 kuunganisha Tampa na Miami ikikatiza Everglades. Udongo wa tuta ulichimbwa pembeni, na shimo likawa mfereji unaokwenda sambamba na barabara. Daraja la kwanza la kurudisha maji, lenye urefu wa takriban kilomita 1.6, lilimalizika 2013. Daraja lilikuwepo, ila kiwango cha maji kwenye mfereji kilikuwa bado kimewekewa kikomo, hivyo msukumo wa kuyavusha maji ulikuwa hafifu. Ilibidi kikomo kipandishwe kwa kiasi cha sentimita 30, na sehemu za barabara ziimarishwe ili zihimili maji hayo. Sehemu nyingine za daraja, zenye jumla ya kilomita 3.7 hivi, zikafuata.

Hatua ya 5: Zungumza na wenye barabara na wenye maji

Pata kibali cha mamlaka ya barabara kwanza, halafu cha mazingira, halafu cha maji. Utaratibu huo si wa kisheria, ni wa kiutendaji: mamlaka ya barabara ikikataa, vibali vingine havina kazi. Ikiwa eneo liko kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, litaje mapema kwenye maombi. Nchi iliyotia saini ina wajibu wa kulinda hali ya kiikolojia ya eneo hilo. Uliza pia ni nini kimezikwa begani mwa barabara. Nyaya za mawasiliano na mabomba ya maji hupenda kupita hapo hapo unapotaka kukata.

Nyakati bora za kufanya kazi hii ni pale barabara inapokwenda kutengenezwa upya. Kuongeza makalavati wakati tuta limeshafunguliwa ni gharama ndogo kuliko kulirudia baadaye, kwa hiyo ujue ratiba ya matengenezo na ufike ofisini na michoro yako mapema.

Kisha majirani. Miaka mingi ya ukavu upande wa chini imeleta mashamba, nyumba, pengine visima. Upande wa juu, wapo waliozoea bwawa na kuvua humo. Wote wataathirika. Wapelekee ramani inayoonyesha maji yatafika wapi katika mwaka wa kawaida na mwaka wa mafuriko, nenda nao shambani, pigilia vigingi kwenye mstari wa maji unaotarajiwa. Mtu akiona kigingi kiko mlangoni kwake atasema, na ni heri aseme sasa.

Hatua ya 6: Chagua mbinu

Kuiondoa barabara ndiyo tiba kamili. Barabara za zamani za uvunaji miti au uchimbaji mafuta ambazo hazitumiki tena zisiwekewe makalavati. Zichimbwe, udongo wake urudishwe mtaroni ulikotoka. Usiwe mwepesi wa kudhani kwamba barabara yoyote lazima ibaki.

Kuishusha ni mbinu isiyopewa heshima yake. Barabara yenye magari machache inaweza kushushwa hadi usawa wa ardhi na kuwekwa sakafu ngumu ya zege au mawe, drifti, ili maji yapite juu yake msimu wa mvua. Inafaa pale watumiaji wanapoweza kusubiri au wana njia nyingine.

Daraja refu au barabara ya nguzo ndilo jibu pale maji yanapotambaa kwa upana mkubwa na barabara ni muhimu. Ni ghali.

Makalavati mengi yaliyosambazwa ndiyo yatakayotumika mara nyingi, na neno la kushika ni hilo la kusambazwa. Kalavati moja kubwa lenye eneo sawa na madogo kumi linapitisha maji yale yale kwa siku, lakini kama umati unaotoka uwanjani kwa mlango mmoja, maji yanabanana, yanakimbia na kuchimba, na pembeni kunabaki pakavu.

Godoro la mawe linafaa kwenye mboji na kwenye nyasi zenye chemchemi. Ni tabaka la mawe makubwa yasiyo na udongo, limefungwa ndani ya kitambaa cha jiotekstaili kinachopitisha maji na kuzuia tope, likalazwa chini ya barabara kwa upana wa mita nyingi. Maji yanapenya kati ya mawe kila mahali bila kutafuta mdomo. Halipitishi samaki wala mafuriko, kwa hiyo liambatane na makalavati machache.

Hatua ya 7: Kokotoa ukubwa

Chukua mfano. Mbuga ina upana wa mita 400, maji yana kina cha sentimita 40 karibu na tuta, na vipimo vinaonyesha meta za ujazo 1.2 zinavuka kila sekunde katika masika ya kawaida. Bila barabara maji hayo yangesonga kwa kasi isiyofika sentimita 1 kwa sekunde. Huwezi kurudisha utulivu huo kwa makalavati, lakini unaweza kuchagua kasi inayovumilika, tuseme mita 0.3 kwa sekunde. Gawanya 1.2 kwa 0.3, unapata meta za mraba 4 za uwazi. Kwa kina cha sentimita 40, huo ni upana wa mita 10. Weka boksi kalavati (zenye umbo la sanduku) kumi za upana wa mita 1, moja kila mita 40, ukizisogeza kufuata mabonde madogo uliyoyaona kwenye picha.

Kwa kasi hiyo tofauti ya maji kati ya pande mbili inakuwa chini ya sentimita 1. Ukibana pesa ukaweka uwazi mdogo hadi kasi ifike mita 1 kwa sekunde, tofauti inaruka hadi sentimita 7 au 8, na mchanga laini utakuwa umeshaanza kubebwa, kwani nusu mita kwa sekunde tayari inatosha kuuondoa. Mafuriko makubwa hesabu yake ifanywe na mhandisi kwa kanuni za barabara, kisha chukua jibu lililo kubwa kati ya mawili hayo.

Mabomba ya kipenyo cha chini ya sentimita 60 yaepuke. Yanaziba kwa majani, na hakuna mtu anayeweza kuyasafisha kwa ndani.

Hatua ya 8: Kitako cha kalavati kikae wapi

Ningeruhusiwa kusimamia jambo moja tu katika mradi mzima, ningesimamia hili. Kitako, yaani sakafu ya ndani ya kalavati, ndicho kinachoamua kimo cha maji upande wa juu kwa miaka yote ijayo.

Kikiwa juu mno, maji yanasubiri mpaka yakifikie, na bwawa linabaki bwawa. Kikiwa chini mno, umeweka mfereji wa kukausha: ardhioevu ya juu itavuja usiku na mchana, na korongo dogo litaanza mdomoni na kupanda juu mwaka hadi mwaka. Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza na ni la kawaida zaidi, maana fundi hupima kutoka sakafu ya mtaro wa kando, ambayo iko chini ya ardhi ya asili.

Pima kutoka uso wa ardhioevu yenyewe, mita 30 au zaidi kutoka kwenye tuta, mahali ambapo magari hayajaikandamiza na tope la barabara halijaifunika. Chukua vipimo vingi kila upande utafute wastani. Kwenye mbuga ya maji ya kutambaa, kitako kikae kwenye usawa huo au sentimita chache chini yake. Kwenye mboji, zika kalavati hadi nusu ya kipenyo chake iwe chini ya uso, ili nusu ya chini ipokee maji yanayosafiri ndani ya udongo na nusu ya juu ipokee mafuriko. Kwenye kijito cha pwani, kitako kifuate sakafu ya kijito cha asili, si sakafu ya bwawa lililojaa tope nyuma ya tuta.

Kumbuka udongo laini hudidimia. Katikati ya barabara ndipo penye uzito, kwa hiyo kalavati hubonyea katikati na ncha zikabaki juu. Mhandisi akadirie mdidimio na kulilaza kalavati likiwa limebinuka kidogo juu katikati.

Hatua ya 9: Jenga

Fanya kazi wakati maji yako chini. Kata nusu ya upana wa barabara kwa zamu ili magari yapite. Sehemu ya kazi izungushiwe uzio wa kitambaa cha kuzuia tope, na mafuta ya mitambo yawekwe mbali na maji.

Chini ya kalavati weka jiotekstaili na kokoto. Jaza pembeni kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, ukishindilia pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu upande mmoja ukitangulia bomba linasogea. Kuta za mdomoni zishuke chini ya kitako, vinginevyo maji yatajipenyeza nje ya bomba na kuliacha tuta na mapango. Upande wa kutokea weka zulia la mawe, na mbele yake kizingiti kirefu kilicho sawasawa kabisa, ili maji yakitoka yamwagike kwa upana na kuanza kutambaa tena. Kizingiti hicho kipimwe kwa ule ule mpira. Sentimita 2 za mteremko zinatosha kuyapeleka maji yote kwenye kona moja.

Udongo uliochimbwa usirundikwe juu ya ardhioevu. Tope la mikoko hasa lina madini ya salfaidi ambayo yakipata hewa hutengeneza asidi kali ya salfa. Liweke kwenye maji au lifunike haraka, na lipimwe kabla ya kuchimba.

Hatua ya 10: Fungua taratibu

Ardhi iliyokaa kavu kwa miongo hushuka. Mboji inaoza, tope linasinyaa, na uso unaweza kuwa chini sana kuliko ulivyokuwa. Ukiachia maji yote siku moja, hupati nyasi wala mikoko, unapata ziwa.

Bonde la Herring River huko Wellfleet, Massachusetts, Marekani, lilizibwa mwaka 1909 kwa tuta la kuzuia maji ya bahari ambalo pia ni barabara. Ndani yake nyasi za maji ya chumvi zilitoweka, ardhi ikashuka, na udongo uliopata hewa ukatoa asidi iliyoua samaki. Mpango wa kulirudisha umejengwa juu ya daraja lenye milango ya kudhibiti maji, inayofunguliwa hatua kwa hatua kwa miaka, ili tope linaloingia na bahari lipate muda wa kuinua ardhi na watu wapate muda wa kuona kila hatua imefanya nini.

Hata bila milango ya kisasa unaweza kuiga: weka mbao za kuchomeka kwenye mdomo wa kalavati, uzipunguze ubao mmoja kila msimu, ukisoma nguzo zako kabla ya kuondoa mwingine. Angalia pia usiingize magugumaji au samaki wageni kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Hatua ya 11: Mimea

Usikimbilie kupanda. Robin Lewis, mwanaikolojia wa Florida aliyefanya kazi ya mikoko kwa miongo mingi, alisisitiza kwamba mikoko hustawi mahali panapofunikwa na maji ya bahari kwa takriban asilimia 30 ya muda au chini ya hapo, na kwamba maji yakishakaa sawa mbegu huja zenyewe. Subiri msimu mmoja au miwili. Kama mbegu haziji ingawa maji ni sahihi, hapo panda.

Hatua ya 12: Fuatilia, na tenga fedha za kuzibua

Ciénaga Grande de Santa Marta, kwenye pwani ya Karibi ya Kolombia, ilikatwa na bahari kwa barabara iliyojengwa kati ya 1956 na 1960. Wakati huo huo maji baridi ya mto Magdalena yalizibwa na kuelekezwa kwingine. Chumvi ikapanda, na zaidi ya nusu ya mikoko ikafa. Katika miaka ya 1990 mifereji ya maji baridi ilifunguliwa upya, chumvi ikashuka na mikoko ikaanza kurudi. Kisha matengenezo yakalegea, mifereji ikajaa tope, na sehemu ya mafanikio ikapotea.

Kwa hiyo mkataba utaje nani anazibua, lini, na kwa fungu gani. Kagua midomo yote kabla ya msimu wa mvua na baada ya kila dhoruba. Nguzo za kupimia ziendelee kusomwa kwa miaka 5 angalau, na piga picha kutoka sehemu zile zile kila mwaka. Unachotafuta ni tofauti ya maji kati ya pande mbili kubaki ndani ya sentimita chache katika msimu wa kawaida, na mabomba ya ardhini ya pande zote mbili kupanda na kushuka kwa pamoja.

Tofauti ikianza kukua tena, angalia kwa mpangilio huu: tope ndani ya makalavati, kisha vizibo vya mtaro vilivyobomoka, kisha kitako kilichodidimia, na mwisho mabadiliko ya maji yanayoingia kutoka juu zaidi ya bonde, ambayo hayahusiani na barabara yako na yatahitaji mazungumzo na watu wengine kabisa.